Majani Mawili na Chipukizi

Tuwan, Kitale
Agosti 2006

Kwako Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako Nduta. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba yale magoti yamekupa nafasi ya kupumua tangu baridi ya Julai ipungue. Kaka Kibe na mkewe Ciru hawajambo? Na Mwihaki wangu, bado anakusumbua kuhusu kuoga? Mwambie mama yake amemfumia sweta ya shule, na asipooga sitaileta. Huku tuko salama. Mahindi yamebeba vizuri na mvua haijatuacha.

Mama, kabla hujaendelea kusoma, nakuomba ukae mahali peke yako. Kama Kibe yuko karibu, ikunje kwanza, umwambie ni maneno ya wanawake. Kuna habari ambayo huenda ikaingia nyumba hiyo kupitia kompyuta za dukani kwa Kibe kabla sijakwambia mwenyewe, na ikiingia hivyo, naogopa Mwihaki ndiye atakayeumia, kwa sababu ndiye anayekula na kulala hapo. Naogopa kweli. Karatasi hii ni ya tatu, mbili nimezichana.

Unakijua kikundi chetu cha vitambaa, kile kinachokutana Alhamisi nyuma ya kanisa. Umekuwa ukiwaambia watu wa huko kwenu Bungoma kwamba binti yako anafuma vitambaa vya viti na kuuza, nami nikakuacha useme. Ukweli ni kwamba vitambaa ni pazia. Kazi yetu ni kuwatembelea wagonjwa wa ukimwi majumbani. Tunawaogesha, tunawapikia uji, tunawakumbusha dawa. Kila mmoja wetu hubeba uzi na sindano mfukoni, ili jirani mwenye macho marefu akichungulia aone wanawake wanafuma na kupiga soga, kisha aende zake. Majina yetu hatuyaandiki popote. Kila mwanamke huitwa kwa ua analofuma. Nakhungu, mwenyekiti wetu, ni Nyota. Nasro, anayeishi karibu na msikiti, ni Waridi. Mimi ni Majani, kwa sababu nafuma majani mawili ya chai na chipukizi katikati, ua ulilolitunga wewe mwenyewe ulipokuwa ukichuma chai Limuru kabla hatujahamia Kiminini. Sijamwona mtu mwingine yeyote akilifuma.

Sasa mwaka huu walitokea wafadhili waliokuwa wakitoa pesa kusaidia vikundi vidogo kama chetu vianze kufanya kazi kwa kompyuta. Tuliomba, tukapata. Zikaja kompyuta mbili, printa, na mwalimu wa kutufundisha, Aziz, mwanamume wa makamo mwenye subira kuliko mkunga. Siku ya kwanza Nasro alikuwa amezifunika kompyuta kwa vitambaa kama televisheni ya sebuleni, na Aziz alicheka mpaka akavua miwani. Nakhungu alikataa katakata kuzigusa. Alisema, "Hii kitu si inatuangaria tu, bana? Siku moja itatutoa wote nje." Tulimcheka sana huyo mama. Sasa ningemwomba radhi kwa magoti.

Siwezi kudanganya, zilitufaa. Hospitali ilianza kututumia ujumbe mtu akikosa kuchukua dawa, na kuna mgonjwa wa Kiminini ambaye tungemkuta maiti kama si ujumbe huo. Mimi mwenyewe nilijifunza kuandika ripoti kwa vidole viwili, nikijiona karani. Lakini pesa hizo zilikuwa na sharti. Kila kikundi kilitakiwa kiwe na tovuti, na kwenye tovuti kuwe na picha za kazi yake.

Siku tuliyokaa kulijadili hilo, hakuna aliyefuma hata mshono. Wengine walitaka turudishe kila kitu. Mwisho tukakubaliana kwamba picha zipigwe, lakini isionekane sura ya mtu wala jina. Aziz alisema hilo ni haki yetu hata kabla hatujamaliza kueleza. Basi akaipiga picha mikono yetu tu, kila mikono na kitambaa chake. Nakhungu alizikagua picha moja moja, akatafuta pete, akatafuta makovu, akaona hakuna kitu. Tukarudi nyumbani tukijiona wajanja kweli kweli.

Wiki jana Nasro alikwenda Bungoma kwenye mkutano wa vikundi vilivyopata pesa hizo. Aliporudi alinivuta kando. Kumbe wafadhili wameipenda picha moja, ile yenye mikono yetu wote pamoja, wakaituma kwa barua pepe kwa vikundi vyote, na huko Bungoma imechapishwa na kubandikwa ukutani. Nasro aliniambia, "Ati nimeingia tu, nikaona majani, nikajua ni wewe, hata sijasoma." Nikawaza vitambaa nilivyomfumia Ciru mwaka wa harusi yake. Viko kwenye kila kiti cha sebule ile, kwenye meza, hata kwenye redio. Kibe huegemeza kichwa chake juu ya majani hayo kila jioni. Wageni huuliza yametoka wapi, naye Ciru hujibu kwa majivuno kwamba ni kazi ya wifi yake wa Kitale. Tulificha sura na majina, na ua ambalo ndilo jina langu tukaliweka mbele ya kamera sisi wenyewe.

Nilimuuliza Nasro karatasi ile ilichapishwa wapi. Akasema ni saiba, duka la kompyuta lililo karibu na soko, lenye mlango wa buluu. Nani asiyejua mlango huo ni wa nani?

Aziz aliitoa picha kwenye tovuti siku hiyo hiyo, akaniomba msamaha kana kwamba kosa ni lake peke yake. Lakini kilichokwishatumwa hakirudishwi, na karatasi iliyo ukutani haisikii kompyuta ya Kitale. Sijui kama Kibe mwenyewe ndiye aliyeichapisha. Sijui kama aliitazama. Kila simu ikilia nahisi ni yeye.

Unajua kwa nini namwogopa. Krismasi iliyopita yule jirani yenu aliyekonda alikuja kuwasalimu, akapewa chai. Alipotoka, Kibe alikichukua kikombe chake akaenda kukitupa chooni. Ciru akacheka. Nawe Mama, hukusema kitu, uliendelea kuchambua maharagwe. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo na kikombe changu mkononi, nikakinywea mpaka majani ya chini ili nisionekane nimekiacha.

Mama, chini ya picha ile kuna maneno. Yanasema kwamba mikono hii yote ni ya wanawake wanaoishi na virusi, wanaowatunza wenzao. Yote, Mama. Na yangu. Baba Mwihaki hakufa kwa nimonia kama tulivyotangaza kaburini. Nilipimwa baada ya mazishi, nikaambiwa, nami nikakuficha kwa sababu sikujua nitaanzaje. Nameza dawa kila siku, nina nguvu, nabeba maji yangu mwenyewe. Mwihaki alipimwa, hana. Nakuandikia tena ulisome vizuri: Mwihaki hana.

Nakuomba jambo moja tu. Wakijua, usikubali mtoto atengewe sahani. Usikubali alale peke yake kana kwamba kuna kitu kitamtoka kiwaingie wenzake. Safari hii usichambue maharagwe, Mama. Sema.

Nakhungu alinishauri nianze kufuma ua jingine. Nilijaribu, vidole vikarudi kwenye majani vyenyewe.

Nitakuja Jumamosi. Usinieleze lolote mbele za watu, wala usihangaike kutafuta maneno. Nimiminie chai tu. Nitakitazama kikombe kabla sijakutazama usoni, na hapo nitajua kama bado nina kwetu.

Kibe na Ciru usiwape salamu zangu. Nitawasalimia mwenyewe kwa mkono, kama wataupokea. Magoti yapake ile dawa niliyokuletea. Na Mwihaki mwambie sweta nitaileta, hata kama hajaoga.

Ni mimi binti yako,
Nduta