Ruhusa Iliyokwenda na Maji

Kwa Mama yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo jikoni ulipo. Na wewe Kagendo, dada yangu unayemsomea, soma polepole na usiruke mahali. Mama, kifua kimepoa? Mimi ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu yanayofuata yatakushtua.

Mwezi huu sitakuja. Najua serikali imewaamuru kuhamia kijiji kipya na kila mtu ajijengee, na mimi ndiye uliyemtegemea kwa nguzo na nyasi. Ruhusa ya kusafiri niliyoingoja tangu mahindi yapandwe niliipata. Imekwenda na maji, pamoja na kipande changu cha kitambulisho.

Jumapili nilikwenda kuogelea baharini na Mzee Kahindi, mpishi wa nyumba ya wageni ninapotunza bustani. Pwani yenyewe ni nzuri, Mama, hata mwenye huzuni hutabasamu. Kahindi ndiye aliyenifundisha: usiingie peke yako, na pale mawimbi yasipovunjika, maji yakiwa meusi na kimya, usipasogelee, kwani mkondo hutokea hapo kwenda nje. Hayo niliyashika. Lakini nguo, zikiwa na ruhusa na kipande mfukoni, nilizifunga furushi nikaziweka mchangani karibu na maji, kama tulivyozoea kule mtoni Mariara. Kwetu mto haupandi ukingo bila mvua, na siku hiyo jua lilikuwa kali. Bahari ikajaa bila hata tone la mvua. Kahindi bado ananicheka, mtu wa bara mimi.

Nilipogeuka, furushi lilikuwa linaelea kwenye yale maji meusi. Nikalifuata. Niliwaza nyumba yako tu. Nililishika, kisha nikaona pwani inazidi kuwa mbali. Nilipiga mikono kurudi mpaka pumzi zikaniishia. Niliogopa sana, nikakuita kwa Kimeru.

Kahindi alirukia mtumbwi uliokuwa ufukoni, akapaza sauti kutoka mbali. "Acha nguo, Kirimi. Usishindane na maji, pita kando."

Nikakumbuka ulivyonivusha mto uliofurika, wewe una mkungu wa ndizi mgongoni na mkono wangu umeubana. Uliniambia maji hayasukumwi, huvukwa mshazari. Basi nikaliachia furushi, nikaogelea kufuata pwani, mpaka mkondo ukaniacha. Mtumbwi ulinikuta hapo nikitapika chumvi.

Afisa wa serikali anayetoa vibali anasema kipande kingine kitachukua muda, ruhusa baadaye, akipenda. Mwombeni mjomba asimamishe nguzo kwa niaba yangu. Majirani wakisema nimekuhepa, waache waseme.

Nisalimie mjomba huyo na mkewe, shangazi mwenye mbuzi, na mwalimu wa kanisani aliyenifundisha kuandika.

Kagendo, haya ya mwisho msomee mara mbili. Mama, nilipoachia lile furushi nilijua naachia nyumba yako. Niliiachia ili siku moja niingie mlangoni mwako, hata kama mlango huo watakuwa wameujenga wengine.

Ni mimi mwanao,
Kirimi