Nusu ya kidonge chini ya bukari

Siku ya posho, Jumamosi, mangaribi. Mvula imekatika, bulongo inanuka muzuri, lakini roho yangu haitulie.

Leo niliona kitu.

Tulikuwa tunakula bukari, ugali yetu. Bwana yangu Kazadi na mudogo wake Ilunga banakula mu sahani moja, vile balikomea tangu butoto. Ilunga alitoka Kilwa, kule ku ziwa, na kikohozi, amekonda sana. Kazadi naye anatibiwa kifua kikuu ku hospitali ya kampani. Lakini kampani inatunza mufanyakazi, muke na batoto. Mudogo, hapana.

Nikaona Kazadi anavunja kidonge na meno, anasukuma nusu chini ya tonge, upande wa Ilunga.

Nikamushika mukono, nikamuuliza:

"Tangu lini?"

Kazadi akainama. "Mama Yumba, utanikataza kukula na mutoto wa mama yangu?"

Ilunga akataka kutuchekesha: "Shemeji, ata badudu ba kikohozi yetu ni ba jamaa moja."



Miye nilisoma kidogo tu, lakini maneno ya infirmier, ule muuguzi wa hospitali, nilishika, juu alinifundisha na mufano wa nyumba. Alisema ule mududu anajijengea ukuta, anaipaka mafuta magumu kama nta, njo maana dawa mingi inateleza. Kidonge hii inamukataza kufanya ile nta. Akitaka kukomaa, ukuta mupya inatoka mubovu, inapasuka, anakufa. Lakini mududu mwenye kulala hajengi kitu. Dawa inapashwa kumungojea aamuke. Njo maana ni miezi na miezi, hata kama muntu anajisikia nguvu. Na dawa ikiwa kidogo? Badudu benye nguvu banapona, banazaa batoto benye kuzoea dawa.

Na mutoto wetu Yumba analala pa kifua kile cha baba yake kila mangaribi.

Nikabaambia yote. Bukari tunagawanya. Hii, hapana.

Kazadi alimeza kidonge nzima, machozi mu macho. Ilunga njo alimupatia maji ya kumezea.

Sikumukasirikia. Nani atamukasirikia muntu juu ya kupenda mudogo wake? Lakini alikuwa anabaua bote babili, yeye na Ilunga, pole pole, na mikono ya upendo.

Siku ya kwanza, Jumatatu asubui, nitafunga Yumba mugongoni, nitapeleka Ilunga ku dispansere ya bamama watawa. Naogopa. Bakisema dawa haiko, nitaikala pa mulango yabo mpaka banichoke.

Na bakiniuliza uyu ni nani kwangu, nitajibu: tunakula mu sahani moja.