Breki za Kupigiwa Hodi

Shoga, acha unachofanya usome. Shemeji yako ameingia jikoni kwa mama. Na gari.

Sote wazima. Mlango ndio haupo tena.

Unakumbuka nilivyokwambia pedali ya breki imekuwa laini? Ukiikanyaga inazama kama mto wa kulalia. Nikamwambia baba watoto hii si kawaida. Akacheka! "Gari la zamani lina adabu zake. Unapiga hodi mara mbili, ya tatu linakuitikia." Yaani anaikanyagakanyaga mpaka ikaze, ndiyo hodi hiyo!

Jana jirani yetu fundi akamwambia aikanyage na kuishikilia. Pedali ikashuka taratibu mpaka chini. Fundi akasema mafuta ya breki yanavuja, tazama gurudumu la nyuma lilivyolowa. Baba watoto akajibu hayo ni maji ya AC.

AC, shoga! Gari ambalo kioo tunakipandisha kwa mikono miwili!

Basi leo tunaingia uani kwa mama. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu tuko jikoni, taa ya mbele imelala kwenye beseni la vitunguu.

Mama hata hakunyanyuka kwenye kigoda. Kisu mkononi, anamtazama tu mkwewe.

Na mkwewe, bado kang'ang'ania usukani, akatoa kasauti: "Hodi."

Mama akamjibu, "Hodi hupigwa ukiwa nje, baba."