Namba Kumi na Saba Ambayo Hukumpa Mwingine

Sista Kresensia mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hutaitikia "Milele amina" kwa ile sauti yako ya kukemea, lakini bila salamu siwezi kuanza nawe.

Tangu tukuzike mambo yamebadilika. Sweta za shule wazazi sasa wanazitafuta kwenye mitumba, na shule za binafsi zinachipuka kama uyoga. Mzazi anachagua shule kama anavyochagua nyanya sokoni. Ndiyo maana Mkuu wa Shule ameniagiza mimi, mwalimu wa historia na mwanafunzi wako wa zamani, niandike kijitabu juu ya masista walioanzisha shule hii. Kiwe kitamu, alisema.

Unanijua. Nilianzia kwenye stoo ya nguo, ufalme wako wa miaka yote. Daftari la namba lipo, hata panya wameliheshimu. Kila msichana alipewa namba, akaishona kwa uzi mwekundu ndani ya kola ili nguo zisichanganyike wakati wa kufua. Aliyemaliza shule, namba yake ilikwenda kwa mgeni. Isipokuwa kumi na saba. Hiyo ilitolewa mara moja tu, mwaka wa kwanza wa shule, hukuirudia tena. Sisi wasichana tulisema mwenyewe alizama ziwani Momela. Nilipokuuliza, nikiwa kidato cha pili, ulinijibu, "Aurelia, shona." Nilishona, Sista, lakini sikuacha kujiuliza.

Daftari linasema: Naserian, wa Terrat. Jumamosi nikaenda. Nilidhani nitaonyeshwa kaburi, kumbe nilimkuta mama mtu mzima anakamua ng'ombe. Nikampa shikamoo, nikataja jina lako. Mikono yake ikasimama.

Aliniambia baba yake alimtoa shuleni akamwoza. Baada ya mwaka alitoroka kwa mumewe, akatembea mpaka kwenye geti letu, mtoto mgongoni. Wewe ulikuwa sista mgeni, ndiwe uliyefungua. Ukamwambia shule si ya wenye watoto, ukafunga. Aliketi pale nje mpaka jua lilipomchosha mtoto, ndipo akarudi kwa mumewe. Wiki iliyofuata ukafika Terrat kwa miguu, umebeba sare yake, imekunjwa vizuri. Hakutoka nje kukuona.

Sista, kwa nini hukusema? Miaka yote ile tunakunywesha uji ukiumwa, tunakusimulia siri zetu, na wewe una yako.

Nilisubiri aseme amekusamehe, hakusema. Aliniuliza tu kama uliumwa sana, nikamwambia sana, akatikisa kichwa. Halafu akanimiminia maziwa, akataka kujua siku hizi kidato cha kwanza wanasoma nini. Nilimweleza mpaka jioni. Aliuliza maswali kuliko wanafunzi wangu wote.

Njiani nilikuwa na hasira na wewe, nikalia pia. Nilipofika nikaandika yote. Mkuu amesoma, anasema ukurasa huo utatufukuzia wazazi, niutoe. Nimemwambia ukitoka ukurasa, na jina langu litoke. Unawajua Wachagga wa kwetu kwa ubishi. Amenuna, ila hajakataa.

Basi nakuahidi hivi. Kabla kijitabu hakijachapwa, nitampelekea Mama Naserian ukurasa wenyewe nimsomee. Umeandikwa kwamba ulimfungia geti, na kwamba mpaka unakufa hukumpa mwingine nafasi yake. Akitaka nifute, nitafuta. Akitaka ubaki, utabaki, hata shule ikose mwanafunzi. Mkuu asubiri kauli yake, na wewe pia.

Pumzika kwa amani, Sista wangu. Nakupenda, na bado nimekukasirikia.

Aurelia wako