Ruka Kwanza, Nitarudi

Dada Apiyo,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti chako, na najua ungekuwepo ungeniambia nihame kabla sijakizoea. Ni kile kile chenye mguu uliofungwa kwa waya wa intaneti. Musa, bosi wetu, ametaka kukitupa mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia bado kinafaa. Mara ya pili nilikikalia kutwa nzima bila kuinuka hadi akaelewa. Ni miezi saba sasa tangu utuache. Saluni ya hapa chini imehama, kwa hivyo ofisi hainuki tena dawa ya nywele, na hakuna mtu anayeimba sauti ya pili ya nyimbo za kwaya huku akiandika programu. La saluni nimelizoea.

Nina habari nyingi, lakini siwezi kuzianza kabla sijakiri. Nilikudanganya, dada. Alasiri ile ya mwisho wodini, nilipokuletea uji wa wimbi ukaonja vijiko viwili ukalalamika sukari imezidi, uliniuliza, "Ile ya mapacha imepita?" Nikajibu imepita. Ukaniuliza, "Mara ngapi?" Nikajibu mara nyingi. Ukafumba macho ukasema, "Haya basi," na uso wako ukatulia namna ambayo sikuwa nimeiona tangu uanze kuugua. Siku mbili baadaye Adongo akanipigia simu.

Haikuwa imepita. Tangu ulazwe hatukuwa hata tumeijaribu.

Wewe unaelewa ninachosema, lakini acha nieleze taratibu, kwa sababu nimemwahidi Adongo kwamba nitamsomea barua hii, na huyo pacha wako akisikia neno jaribio anafikiria mtihani wa shule. Adongo, sikiza. Mfumo tuliotengeneza na Apiyo kazi yake ni kuwatumia akina mama ujumbe kwa simu: mama fulani, mtoto wako fulani aletwe kliniki kesho kwa chanjo. Kliniki zenyewe ziko Kibera na Kawangware. Jaribio ni kiprogramu kidogo kinachokagua kama mfumo mkubwa unafanya kazi yake. Kikiridhika kinaonyesha kijani, kikiona kosa kinaonyesha nyekundu. Tunayo mamia, na huwa tunayaendesha yote kila tunapobadilisha kitu. Jaribio linalofeli kila siku halina shida, unajua umekosea. Linaloudhi ni lile linalofeli leo, likapita kesho, na hakuna aliyegusa chochote.

Wewe, Apiyo, hayo uliyachukia sana. Wiki yangu ya kwanza hapa, nimetoka chuo juzi na cheti changu bado kiko kwenye bahasha, jaribio langu lilifeli, nikaliendesha tena likapita, nikapiga makofi. Ukageuza kiti hiki polepole. "Imepita mara ngapi?" Mara moja, nikasema. "Basi haijapita, Nekesa. Imekuonea tu huruma." Nilikasirika hadi saa ya chakula. Halafu ukanigawia nusu ya chapati yako na hatukuwahi kulizungumza tena.

Lakini na wewe ulikuwa na la kwako, mwalimu. Ulibuni mama mmoja wa Kisumu Ndogo, kule Kibera, ukampa mabinti mapacha waliozaliwa siku moja, ukawaita kwa majina yenu, Apiyo na Adongo. Jaribio liliuliza mfumo ni watoto gani wanaotakiwa kliniki wiki hiyo, na jibu ulilotaka ni Apiyo wa kwanza, Adongo wa pili. Siku moja kijani, siku ya pili nyekundu. Na wewe wa "mara ngapi" ulikuwa unasema, "Wape chai kwanza," unawasha birika, unarudi na vikombe viwili, unaliendesha tena, na linapita. Nikikucheka unasema mapacha wana vichwa vigumu, muulize mama yangu. Wiki uliyolazwa ulilizima, lisiwe linaendeshwa na mengine. Juu yake ukaacha mstari mmoja wa kulizima: "Ruka kwanza. Nitarudi. A."

Likawa linarukwa. Kila asubuhi kompyuta ilitupa hesabu yake, yote yamepita, moja limerukwa, na mimi nilikuwa nasoma mwisho wa mstari huo nikitazama pembeni.

Kisha wenye seva wakatuandikia. Msingi tuliojengea mfumo wetu, ule uliokuwa ukiniambia umezeeka na utatuangukia, hawataukubali tena. Tuhamie toleo jipya kabla mwezi wa kumi haujaisha, la sivyo watatuzima. Maana yake, Apiyo, ni simu za akina mama wote hawa kunyamaza. Unajua vile wameacha kuandika tarehe. "Si itanikumbusha," wanasema, na kadi ya kliniki inalala chini ya godoro. Tulikaa na kazi hiyo wiki sita. Kila tulipobadilisha kitu kimoja, vingine kumi vililia. Nilikuwa nakufungulia maswali kichwani, Apiyo hii ungeifanyaje, na mara nyingine nilikusikia ukijibu, kwa ukali wako huo huo.

Mwishoni yote yakawa kijani isipokuwa yaliyokuwa yakienda na kurudi. Nikayarekebisha moja moja. Moja lilikuwa linategemea saa ya kompyuta, jingine lilikuwa linaacha takataka mezani na la baada yake linajikwaa. Likabaki lako. Musa akasimama nyuma yangu akasoma mstari wako. "Hiyo futa tu, Nekesa," akasema. "Mwenyewe hayuko."

Hakuwa na ubaya. Muda ulikuwa unatubana na kikazi alikuwa na haki, jaribio lililozimwa halimlindi mtu. Lakini nilienda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Nilivyorudi nilimwambia anipe siku tatu, na chai yake ya saa kumi nikaitengeneza bila sukari. Aliinywa. Alijua.

Nikaliendesha peke yake, kwa mkono. Likafeli, likapita, likafeli, likafeli, likapita. Nikajaribu dawa yako, nikachemsha chai, nikanywa vikombe vinne kwa siku moja na jaribio lako halikujali hata kidogo. Siku ya pili nikaanza kukukasirikia. Nilisema kwa sauti, ofisi nzima ikasikia, "Ulitaka nini hapa, Apiyo?" Samahani. Ndivyo nilivyokulilia, kwa kukugombeza.

Siku hiyo hiyo Sista Beatrice wa kliniki ya Kawangware akapiga simu. Kuna mama alikuwa mbele yake mwenye mapacha wa kiume, na ameleta mmoja. "Nekesa, namuuliza mwingine ako wapi, ananiambia meseji iliita mmoja." Mama wa watu alikuwa amemwacha Mukhwana kwa jirani, akabeba Mulongo peke yake kwa mguu, kwa sababu simu ilimwambia Mulongo. Alirudi kumchukua yule mwingine kwenye mvua. Watoto wote wawili walipata chanjo yao, usihofu. Lakini nilipokata simu nilijua jaribio lililozimwa lilikuwa linapigia kelele nini. Sikujua tu kosa liko wapi.

Siku ya tatu nikaenda Kisumu Ndogo kwa Adongo. Sijui kwa nini miguu ilinipeleka huko. Ninajua kwa nini haikuwa imenipeleka kabla. Ana uso wako, Apiyo. Tangu mazishi nilikuwa nazunguka kwa njia ya juu ili nisipite meza yake ya dagaa wa omena. Aliniona kabla sijamsalimu, akaacha kupima, akanishika mkono, wake ukiwa umejaa magamba, na tukakaa hivyo huku mteja akingoja na kikopo chake cha plastiki. Hakuniuliza nimekuwa wapi. Angeniuliza ningekuwa na la kusema, kwa hivyo nililia.

Baadaye nikamweleza shida yangu, nikamuuliza, mkiwa watoto mlipopelekwa kliniki, nesi alijuaje nani ni nani? Akacheka, akanitazama kama nimepotea. "Kwani si jina inasema? Apiyo ndio hutoka kwanza. Hiyo hata mtoto anajua." Akaendelea kumpimia mteja. Halafu akasema, pole pole, bila kunitazama, "Yeye ndio hutangulia kila mahali. Mimi ndio nabaki."

Nikasimama hapo na omena zangu kwenye gazeti. Jina inasema. Kweli inasema, kwa Adongo, kwako, kwangu pia, kwetu ni Mukhwana kwanza kisha Mulongo, na hakuna anayeuliza nani mkubwa. Lakini mashine hukuiambia, dada. Uliipa majina, ukaipa tarehe ya kuzaliwa, ukaiambia iwapange kwa tarehe. Tarehe ni moja! Ikawa inachukua yeyote aliye karibu na mkono, leo wewe, kesho Adongo. Na kwenye ujumbe tulikuwa tumeiambia ichukue mtoto wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu nani huwa na watoto wawili wa siku moja? Mama yako! Wewe ulikuwa nao kwenye damu na hukuona. Ofisi nzima sisi ni watu wa magharibi mwa Kenya, sote tulisoma mistari ile, Musa akasoma, mimi nikasoma mara hamsini, na hakuna aliyeona pengo kwa sababu kila mmoja alikuwa analiziba kichwani mwake.

Nilicheka njia yote kutoka Kisumu Ndogo hadi mtaa wa Ayany. Nilitamani kukuambia zaidi ya nilivyowahi kutamani kitu. Ungejipiga kofi kwenye paji la uso, ungesema "Yawa!" na ungeimba hadi jioni.

Tumerekebisha hivi. Kwenye fomu ya mtoto sasa kuna swali, kama ni pacha, nani alitangulia. Sista Beatrice alidhani namtania. "Hiyo nayo inaulizwa kweli?" Nikamkumbusha kwamba siku hizi mapacha wanaitwa Brian na Bravin, na hapo jina halikusaidii. Akaandika. Ujumbe nao sasa unataja watoto wote wanaotakiwa, hata wakiwa watatu. Tulihama Jumamosi asubuhi kwenye toleo jipya, Musa ameshika simu, mimi nimeshika meza. Yote kijani. Hakuna lililorukwa. Musa alienda kutafuta bisibisi akakaza mguu wa kiti chako, na waya akauacha pale pale.

Wiki iliyofuata yule mama wa Kawangware alifika kliniki na wote wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, akilalamika kwamba wamekuwa wazito na sisi tunamsumbua. Sista Beatrice alinipigia nisikie malalamiko yake kwa masikio yangu.

Sasa nikuambie kilichonichukua muda kuliko hayo yote. Ni kufuta mstari wako, kabla ya Jumamosi ile. Nikiacha maneno yale, jaribio linaendelea kurukwa, hakuna njia nyingine. Niliweka kidole kwenye kitufe nikakitoa. Nikaenda nikaosha vikombe. Nikarudi nikasoma tena, "Nitarudi. A." Miezi yote hii nilikuwa nimeyaacha hapo kana kwamba nisipoyagusa ni ahadi bado. Nikamwita Musa asimame tu karibu, na nikafuta.

Kwa hivyo nakuaga, dada yangu, kwa sababu kule wodini sikukuaga, nilikudanganya tu na kufunga chupa ya uji. Ahadi yangu ni hii. Wakibadilisha msingi mara nyingine kumi, wakileta toleo lolote, mama yako wa kubuni wa Kisumu Ndogo atahama pamoja nasi, na mabinti zake wataitwa wote wawili, Apiyo wa kwanza na Adongo wa pili. Mimi mwenyewe nitapita kwa meza ya Adongo, kwa njia ya chini, kila Ijumaa. Ameshaniambia nisije mikono mitupu, nilete chapati.

Na lile uliloniuliza wodini, niulize tena. Imepita, Apiyo. Mara mia mbili, nimekaa hapa nikahesabu moja moja, na chai hata sikuchemsha.

Wako,
Nekesa