Vita vya Syria Vilivyotutenga Ibra

Swahibu yangu Nasoro,

Desturi yetu hapa Ibra, Omani, waijua: ukiulizwa khabari, hata kama nyumba imeungua, hujibu, "Hakuna ila kheri". Basi hakuna ila kheri. Ila weye umekufa.

Tulikosea kuivunja desturi hiyo, mie na weye. Miaka na miaka tulijibizana kheri, kahawa ikashuka vizuri. Vikaja vita vya Syria, kila mtu na televisheni yake, tukaanza kupeana khabari za kweli. Weye ukashika kundi linalolishwa silaha na dola moja tajiri, mie nikashika la jirani yake. Kila mmoja ati "watu wangu", na hatukumjua hata mmoja. Mie niliyetoroka chuo kabla ya juzuu ya pili nikawa mufti. Weye uliyekuwa ukimkimbia jogoo wa mamako ukawa jemadari. Na sisi Maibadhi, si Sunni wala Shia, ewe mjinga mwenzangu. Makundi yote mawili yangetutia kapu moja, yakatuita wapotovu.

Siku ile barazani kwako ukaniambia, "Damu ya watoto wale i shingoni mwako." Nikakurudishia kikombe kimejaa, nikatoka. Miaka sita hatukusemezana. Na kati ya mlango wangu na wako mna nyumba mbili tu.

Kisha dola zile zikapatana. Niliwaona kwenye televisheni wakubwa wao wakiamkiana kwa kugusana pua, wanacheka, na waliokufa wamekufa. Nikavua kofia, nikafunga kilemba, nije kukwambia. Nikafika mlangoni pangu nikasema, aa, aje yeye kwanza, mie nimemzidi umri kwa miezi mitatu.

Wiki ile ile ukafa.

Nikaomba nikuoshe. Wanao wakasita. Mkeo Bi Zuwena akasema nyuma ya mlango, "Mwacheni. Marehemu kila siku akimuulizia."

Kila siku, Nasoro. Na mie nahesabu miezi mitatu.

Nikakuosha miguu. Vidole vyako vibaya vile vile.

Nisamehe. Weye ukiwalilia watoto, mie nikitazama bendera. Barazani watu wetu wangali mafungu mawili, kila fungu na dele lake la kahawa. Kesho baada ya alasiri nakwenda kukaa fungu lako. Watanisema, nao wana ulimi kama wako, na kahawa yao nitainywa. Nitakwenda na keshokutwa, mpaka wanizoee.

Lala salama, ndugu yangu. Nafasi ya kaburi ubavuni mwako nimeiomba. Usinihimize tu.

Mwenzio,
Sudi