Jicho la Kushoto Nusura Lininyang'anye Bunduki

Bonifasi, leo nusura ninyang'anywe bunduki ya kijiji.

Mwenyekiti kaja shambani na shemeji yake. Ati nguruwe wanamaliza mahindi ya ujamaa na mimi nakosa kila siku, kwa hiyo bunduki apewe shemeji. Akaweka debe juu ya kichuguu. "Haya mzee, piga."

Nikapiga. Debe kimya. Boga la kushoto likasambaratika. Nikapiga tena, boga lingine. Boga, Bonifasi.

Mwenyekiti akasema, "Tangu mkewe afariki, huyu haoni." Sasa marehemu wangu kaingiaje kwenye debe? Ndivyo walivyo hawa wakubwa.

Lembris, yule mchungaji wa Endulen, alikuwa anapitisha ng'ombe. Akaniambia ninyooshee debe kidole, macho yote wazi, kisha nifumbe jicho moja moja. Nikafumba la kulia, kidole kikabaki kwenye debe. Nikafumba la kushoto, kidole kikaruka pembeni.

"Mzee, bunduki iko bega la kulia, lakini mwenyekiti wa kichwa chako ni jicho la kushoto."

Watu wakacheka, mimi nikafunga hilo jicho kwa kitambaa. Debe likaruka mpaka kwenye kahawa. Bunduki ninayo.

Lakini sikia. Mwenyekiti katangaza kuanzia kesho walinzi wote wafunge jicho la kushoto. Nikamwambia wewe, Bonifasi, ukishika zamu unalenga kwa bega la kushoto. Akajibu amri haichagui bega.

Kesho sema unaumwa.